Orodha ya kazi za siku kwa mama mwenye shughuli nyingi

Mama, mara nyingi unapoamka kazi zimeshaamka kabla yako. Kuna maji ya kuteka, moto wa kuwasha, watoto wa shule wa kuandaa, mtoto anayenyonya, shamba, kuni, na kahawa iliyoiva au usipa unaosubiri kuanikwa. Usiku unapoketi ndipo unakumbuka kwamba dawa ya mtoto ya jioni haikutolewa, au kwamba tarehe ya kliniki ilikuwa jana.

Ukurasa huu unaeleza namna ya kutengeneza orodha fupi ya kazi za siku inayolinda afya ya mtoto na afya yako. Umeandikwa kwa ajili ya akina mama na walezi wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay.

Kwa ufupi

- Orodha nzuri haikuongezei kazi. Inahakikisha kwamba mambo yasiyoweza kusubiri hayasahauliki.
- Kila siku chagua mambo matatu au manne tu yasiyosubiri. Mengine yafuate baadaye.
- Kila kazi inayoweza kufanywa na mtu mwingine, mtaje mtu huyo na saa yake.
- Dalili za hatari kwa mtoto haziwekwi kwenye orodha. Ukiziona, acha kazi uende kituo cha afya.

Kwa nini hili ni jambo la afya?

Ruvuma ni mmoja wa mikoa inayolisha nchi yetu kwa mahindi. Hata hivyo, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu wenye umri chini ya miaka 5 mkoani humu amedumaa, yaani ni mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Kwa nchi nzima kiwango kilikuwa asilimia 30.

Kudumaa kuna sababu nyingi: chakula cha aina moja, magonjwa ya mara kwa mara, maji yasiyo salama, na hali ya mama wakati wa ujauzito. Lakini ipo sababu moja ambayo kila mama anaijua, nayo ni muda. Chakula kinaweza kuwa ndani ya nyumba na mtoto asile mara za kutosha, kwa sababu mwenye kumlisha yuko shambani.

Tumbo la mtoto ni dogo, kwa hiyo hula kidogo kidogo na mara nyingi. Baada ya kutimiza miezi 6, pamoja na maziwa ya mama, anahitaji:

- miezi 6 hadi 8: milo 2 hadi 3 kwa siku;
- miezi 9 hadi 23: milo 3 hadi 4 kwa siku, na kitafunwa mara 1 au 2 katikati.

Mama akiondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tisa alasiri, mtoto wa miezi 10 ambaye hakuachiwa mpango wowote huenda akapata mlo mmoja au miwili. Usijilaumu wala usimlaumu mtu kwa hilo, maana saa za siku ni zile zile na kazi ni nyingi. Tena akili ya binadamu hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Ukiwa na mambo kumi kichwani, mengine yatadondoka, na mara nyingi hudondoka yale yasiyopiga kelele. Mtoto mwenye njaa ya kila siku huzoea, akanyamaza.

Kazi zote hazina uzito sawa

Jambo hili unalijua tayari kwa kazi zako. Kahawa mbivu iliyochumwa leo humenywa leo leo, kwa sababu ikilala inaharibika. Usipa uliotoka ziwani alfajiri huanikwa jua likiwa bado lipo. Lakini kuni zilizokatwa zinaweza kukaa wiki nzima bila hasara.

Zipange kazi za nyumbani kwa macho hayo hayo, katika mafungu manne:

1. Zisizosubiri. Mlo wa mtoto mdogo, kunyonyesha, dawa yenye saa yake, tarehe ya kliniki, maji salama ya kunywa.
2. Za leo, saa yoyote. Kupika chakula cha jioni, kuosha vyombo, kuanika kahawa iliyooshwa.
3. Za wiki hii. Kufua, kwenda mashineni kusaga, kikao cha kikoba, kushona chandarua kilichotoboka.
4. Za mtu mwingine, au za kuacha. Kufagia uwanja, kubeba kahawa, kuchunga mbuzi, au kazi unayoifanya kwa mazoea tu.

Kosa la kawaida ni kujaza fungu la kwanza. Kila kitu kikiitwa cha lazima, hakuna cha lazima tena. Jiulize: "Hili likikosekana leo, nani ataumia, na je, kesho linaweza kurekebishwa?" Uwanja usiofagiwa leo utafagiwa kesho. Mlo alioukosa mtoto leo haulipwi kwa kumlisha mara mbili kesho.

Namna ya kutengeneza orodha

Hatua ya 1: Tenga dakika tano jioni. Wakati mzuri ni baada ya chakula, kabla ya kulala. Asubuhi tayari umechelewa.

Hatua ya 2: Toa yote kichwani. Andika au taja kila unachokiwazia cha kesho, bila mpangilio. Ukishakiandika, huhitaji kulala nacho.

Hatua ya 3: Weka alama kwa yasiyosubiri. Yasizidi manne.

Hatua ya 4: Funga kila lisilosubiri kwenye jambo unalolifanya kila siku. Mfano: "Kabla sijajifunga khanga ya kwenda shambani, mtoto amekula." "Maji ya kunywa yanachemka wakati uji umeepuliwa." Kwa njia hii huhitaji kutazama saa, kwani kazi moja inakukumbusha nyingine.

Hatua ya 5: Andika jina mbele ya kila kazi ya mwingine. "Kuni" peke yake itabaki kuwa yako. "Kuni, kaka mkubwa, akitoka shule" ina mwenyewe.

Hatua ya 6: Acha nafasi. Mgeni huja, msiba hutokea, mvua hunyesha. Ukipanga siku ikajaa hadi ukingoni, jambo moja likiingia yote yanamwagika.

Hatua ya 7: Usiku unaofuata, kata mstari. Lililobaki lina njia tatu: lihamie kesho, lipate mtu mwingine, au lifutwe. Kazi iliyohamishwa mara tatu inakuambia kwamba haikuwa ya lazima, au kwamba inahitaji msaada.

Kama huandiki

Si lazima uwe na daftari. Unaweza kuchora mistari kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Unaweza pia kutumia kokoto: weka kokoto nne kwenye kikombe kimoja asubuhi, kila moja ikiwa mlo mmoja wa mtoto. Anayemlisha, awe wewe, bibi au baba, ahamishe kokoto moja kwenda kikombe cha pili. Ukirudi jioni unaona mara moja mtoto amekula mara ngapi, bila kumhoji mtu. Kama una simu, weka alamu kwa saa za dawa.

Mfano: siku ya kuchuma kahawa

Tuseme una mtoto wa miezi 10 na mwingine wa shule ya msingi, na bibi yao yupo nyumbani. Siku inaweza kwenda hivi:

- Saa kumi na moja alfajiri: Mtoto ananyonya. Moto unawashwa, uji unapikwa, kisha maji ya kunywa yanachemshwa.
- Saa kumi na mbili na nusu: Mlo wa kwanza. Uji mzito usiochuruzika kwenye kijiko, wenye karanga zilizosagwa. Kisha unakwenda shambani.
- Saa nne: Bibi anampa kitafunwa: parachichi au ndizi mbivu iliyopondwa.
- Saa saba mchana: Mlo wa pili. Ugali laini na maharage yaliyopondwa, pamoja na mboga za majani.
- Saa tisa: Unarudi. Mtoto ananyonya kwanza, kabla hujagusa kazi nyingine. Baba anapeleka kahawa kumenywa.
- Saa kumi na mbili jioni: Mlo wa tatu, pamoja na familia lakini kwenye bakuli lake mwenyewe, ili uone amekula kiasi gani.
- Saa mbili usiku: Mtoto yuko ndani ya chandarua. Dakika tano za orodha ya kesho.

Angalia kilichoondolewa: kufua kumehamia Jumamosi, na kufagia uwanja kumekwenda kwa mtoto wa shule. Siku haikuongezwa saa hata moja, ila mtoto amepata milo yake mitatu na kitafunwa.

Kama unakwenda na mtoto shambani, beba uji wa moto kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, pamoja na bakuli, kijiko, maji salama na sabuni ya kunawia. Uji uliopoa usikae muda mrefu. Ukibaki baada ya saa mbili, usimpe mtoto.

Mfano: siku ya mwaloni

Kwenye mwambao mambo hubadilika, kwa sababu saa ya mitumbwi ndiyo inayopanga asubuhi. Wavuvi wa usipa huvua usiku kwa taa na kurudi alfajiri, nawe unatakiwa uwepo mwaloni samaki wakifika. Kwa hiyo jambo la kwanza lifanyike kabla ya kutoka: mtoto anyonye, na uji uachwe tayari pamoja na mtu wa kumlisha.

Uvuvi wa taa hufuata mwezi. Usiku wa giza samaki huwa wengi, na kazi ya kuanika ni nyingi. Mwezi ukiwa mkali, kazi hupungua. Itumie kalenda hiyo. Kazi za fungu la tatu, kama kufua mablanketi, kushona chandarua au kusaga unga wa mwezi, ziweke kwenye siku za mwezi mkali. Lakini tarehe ya kliniki isihamishwe kwa ajili ya mwezi.

Katika usipa unaoanika, tenga fungu la mtoto kabla ya kuuza. Uoshe, ukaushe vizuri, ukaange bila mafuta, uutwange na kuuchekecha. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji au ugali laini kinampa mtoto protini na madini, na kinakuokolea muda wa kupika mboga nyingine.

Mambo mawili ya kuangalia ziwani: mtoto mdogo asiachwe peke yake karibu na maji hata kwa dakika chache, na asiogeshwe kwenye maji ya pembezoni yenye majani na konokono, kwa sababu ya kichocho. Mwogeshe nyumbani kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa.

Kugawa kazi bila ugomvi

Wamatengo wana ngoro, mashimo yanayozuia udongo usiporomoke milimani. Kwa desturi wanaume hufyeka majani na kuyapanga, na wanawake huchimba udongo na kuyafukia, kisha maharage hupandwa. Upande mmoja ukikosekana, ngoro haipo. Malezi nayo yanaweza kugawanywa kwa namna hiyo.

Ombi lenye kazi, saa na mahali hukubaliwa kwa urahisi kuliko lawama. Badala ya kusema, "Hunisaidii kabisa," jaribu:

"Baba, kesho nachuma mpaka saa tisa. Uji wa mtoto uko kwenye chupa, bakuli liko juu ya kabati. Saa nne mpe wewe."

Kwa mama mkwe au bibi, mweleze pia sababu: "Shikamoo mama. Nesi amesema mtoto ale mara tatu na kitafunwa katikati. Mimi narudi saa tisa. Naomba umpe mlo wa mchana, kokoto nimeziweka hapa." Ukiomba hivyo, unamheshimu kama mlezi mwenzako.

Watoto wakubwa wanaweza kufagia, kuosha vyombo na kuleta kuni ndogo. Wasikose shule kwa ajili ya kazi hizo, na mtoto mdogo asiachiwe mchanga peke yake karibu na moto, kisima au ziwa.

Dawa: orodha ndani ya orodha

Mtoto akipewa dawa, chora duara moja kwa kila dozi kwenye karatasi na uitundike mahali pa kuonekana. Kila dozi ikitolewa, tia alama ndani ya duara lake.

- Dawa mseto ya malaria (ALu): dozi 6 kwa siku 3. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Chora maduara 6. Usiache hata kama homa imeshuka.
- Zinki kwa kuhara: mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Pamoja nayo mpe maji ya ORS kila anapoharisha.
- Dawa za kila siku za mama, kama vidonge vya kuongeza damu wakati wa ujauzito, ARV au dawa za shinikizo la damu: zifunge kwenye jambo moja la kila siku, kwa mfano baada ya kupiga mswaki.

Orodha ya mwaka

Tundika kalenda moja ukutani na uweke alama ya tarehe hizi mapema:

- Chanjo: wakati wa kuzaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, miezi 9 na miezi 18. Fuata tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi ya mtoto.
- Juni na Desemba: matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na dawa za minyoo kuanzia mwaka 1. Ni rahisi kusahau, kwa sababu Juni kahawa inachumwa na Desemba mahindi yanapandwa.
- Ujauzito: anza kliniki mara unapojitambua kuwa mjamzito. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua 8.
- Kabla ya mvua: kagua vyandarua vyote vya nyumba.
- Juni na Julai: baridi ya milimani. Andaa nguo za joto za mtoto mapema.

Mambo yasiyongoja orodha

Acha kazi zote na umpeleke mtoto kituo cha afya mara moja akiwa:

- ana homa;
- hawezi kunyonya au kunywa;
- anatapika kila kitu;
- amepata degedege;
- amelegea sana au haamki;
- anapumua haraka au mbavu zinabonyea ndani anapopumua;
- anaharisha damu, au macho yameingia ndani kwa kuishiwa maji.

Kama wewe ni mjamzito au umejifungua karibuni, nenda mara moja ukiona damu, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, ukipata homa, au mtoto tumboni akipunguza kucheza. Kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, piga 115 bila malipo uombe usafiri.

Na wewe mwenyewe?

Weka jina lako kwenye orodha. Mlo wako na usingizi wako ni miongoni mwa yasiyosubiri, hasa ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Mjamzito apunguziwe mizigo mizito, na nyumba nzima ijue hivyo.

Kuna wakati tatizo si wingi wa kazi. Kama kwa zaidi ya wiki mbili unajisikia huzuni karibu kila siku, huna hamu ya jambo lolote, hulali hata mtoto akilala, au unaona hufai, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, na unatibika. Zungumza na mhudumu wa afya. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu wa karibu leo hii, na uende kituo cha afya ukiwa naye.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Nalea peke yangu. Nitamgawia nani kazi?
Tafuta mama mmoja au wawili wa jirani mpeane zamu: leo yeye anawalisha watoto wote saa saba, kesho wewe. Mnaweza kukubaliana kwenye kikoba au jumuiya yenu. Anza na mlo mmoja tu.

Kila siku orodha yangu haiishi. Nimeshindwa?
Hapana. Tazama fungu la kwanza peke yake. Kama mtoto amekula, dawa imetolewa na maji ni salama, siku yako imefanikiwa hata kama vyombo vimelala.

Mtoto wangu hajafika miezi 6. Aachiwe uji nikienda shambani?
Hapana. Mpaka atimize miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu. Nenda naye, au kamua maziwa kwa mikono safi kwenye kikombe safi chenye mfuniko, na mlezi ampe kwa kikombe. Mhudumu wa afya atakuonyesha namna ya kukamua na kuhifadhi.

Anza usiku wa leo

Usisubiri upate daftari jipya. Baada ya chakula cha usiku, taja mambo matatu ya kesho yasiyosubiri. Kwa kila moja, sema litafanyika baada ya jambo gani, na nani atalifanya. Fanya hivyo kwa siku saba. Siku ya nane, itazame kadi ya kliniki ya mtoto na uandike tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya ukutani.